MTENDE KATIKA NCHI YA BARIDI: JINSI YA KUUOTESHA KUTOKA KWA MBEGU

Leo sikuwaletea hadithi wala shairi. Nataka tuzungumze juu ya mti ambao watu wengi wa huku kwetu Kinangop husema hauwezi kuota, yaani mti wa jamii ya mnazi. Ukimwuliza mtu yeyote hapa atakujibu, "Mnazi ni wa Mombasa bwana, huku ni viazi na kabeji." Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza.

Jamii ya mnazi ni kubwa sana. Ndani yake mna mtende, mkoma, mvumo, mchikichi, mpopoo na mkindu. Wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 2,500 duniani. Nyingi hupenda joto, lakini ziko chache zinazovumilia baridi, na nyingine huvumilia hata theluji.

Labda utauliza, "Hayo yanatuhusu nini?" Yanatuhusu kwa sababu ya pesa. Siku hizi mtu akimaliza kujenga nyumba hutaka miti ya urembo langoni. Jirani yetu mmoja alinunua miche sita mikubwa iliyoletwa na lori kutoka sehemu za joto, kila mmoja kwa shilingi 1,500. Januari ilipokwisha, mitano ilikuwa imekauka. Hizo ni shilingi 7,500 zilizokwenda na upepo. Mzazi wa mwanafunzi wa shule ya kutwa anajua pesa hizo zingelipa chakula cha mchana kwa muda gani. Laiti jirani angejua mambo ninayoyaeleza hapa chini, asingezipoteza.

KWA NINI BARIDI HUUA MTI HUU

Mti wa kawaida ukichomwa na baridi hutoa matawi mengine. Mnazi hauna matawi. Shina lake lina kichipukizi kimoja tu, kilicho juu kabisa katikati ya majani. Mimi hupenda kukiita moyo wa mti. Kila jani jipya hutoka hapo. Majani yakichomeka moyo ukabaki mzima, mti utapona. Moyo ukifa, shina hilo limekwisha, hata ulimwagilie maji ndoo ngapi. Aidha, shina la mnazi halinenepi mwaka hadi mwaka kama la msonobari, na jeraha lake halifunikwi na gome jipya. Kidonda kikishaingia hubaki hapo maisha.

Sasa tuangalie baridi yenyewe. Wengi hudhani mwezi mbaya ni Julai kwa sababu ndipo tunapotetemeka darasani. Kumbe sivyo. Julai kuna mawingu, na mawingu hufunika ardhi kama blanketi. Hatari zaidi ni Januari na Februari, mchana kukiwa na jua kali na usiku mbingu zikiwa nyeupe bila wingu hata moja. Joto la ardhi hupaa upesi, na kufikia alfajiri umande huganda juu ya majani. Hiyo ndiyo sakitu. Maji yaliyomo ndani ya jani nayo yakiganda, seli hupasuka. Ni nani kati yetu ambaye hajaona shamba la viazi asubuhi likiwa jeusi, kana kwamba limemwagiwa maji moto?

Aina zinazovumilia baridi zina majani magumu, na seli zake hustahimili mambo ambayo seli za mnazi haziwezi. Nyingine huuficha moyo wake ndani ya nyuzi nyingi, kama mtu aliyevaa koti zito.

AINA MASHUHURI NA FUNZO KUTOKA USWISI

Iliyo mashuhuri kuliko zote hutoka Uchina. Wataalamu huiita Trachycarpus fortunei, na wengine huiita mtende wa Chusan kwa jina la kisiwa kimoja cha huko. Shina lake limevikwa nyuzi za rangi ya kahawia, na tangu zamani Wachina hutengeneza kamba, fagio na hata makoti ya mvua kwa nyuzi hizo. Mti mkubwa waweza kuvumilia baridi ya karibu nyuzi 15 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi. Maji ya kwenye mtungi yangekuwa jiwe!

Mwaka wa 1830, daktari Mjerumani aliyeitwa Philipp Franz von Siebold alipeleka mbegu zake Uholanzi kutoka Japani. Mwaka wa 1849, Mskochi Robert Fortune akapeleka miche Uingereza kutoka Uchina. Huyu Fortune ndiye yule yule aliyetoa miche ya majani chai Uchina na kuipeleka Uhindi.

Huko Marekani ya kusini mashariki, katika majimbo kama Florida na Georgia, kuna mtende mfupi wenye miiba kama sindano ambao huvumilia baridi hata zaidi ya huo wa Uchina. Na katika milima ya Kolombia, mita 2,000 hadi 3,000 juu ya usawa wa bahari, kuna mtende unaofikia urefu wa mita 60. Ndio mrefu kuliko yote duniani, na mwaka wa 1985 ulifanywa mti wa taifa. Kinangop iko karibu mita 2,500. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba jamii hii haijui milima.

Basi, je, tuagize mbegu kutoka Uchina? Nasema tufikiri kwanza. Kule Uswisi ya kusini, katika jimbo la Ticino, watu waliupanda mtende wa Chusan bustanini kwa ajili ya urembo. Ndege wakala matunda, wakaangusha mbegu msituni, na mtende ukaota ovyo na kuisonga mimea ya kienyeji. Hatimaye, kuanzia Septemba 2024, serikali ya Uswisi ilipiga marufuku kuuzwa kwake. Fikiria hilo likitokea katika msitu wa Aberdare! Isitoshe, hapa Kenya huwezi kuingiza mbegu kutoka ng'ambo hivi hivi tu. Lazima upate kibali cha shirika la KEPHIS, linalokagua mimea isije na magonjwa.

MKINDU WETU

Ndugu msomaji, la mgambo likilia hatuna haja ya kukimbilia ng'ambo, maana tunao mkindu. Mti huu huota kuanzia pwani hadi nyanda za juu, hasa kando ya mito na penye majimaji. Hauhimili theluji kama ule wa Uchina, lakini ukishakomaa huvumilia sakitu ndogo. Tena una siri moja nzuri: haukui kwa shina moja bali hutoa mashina mengi kutoka chini. Shina moja likifa moyo, mengine huendelea.

Faida zake ni nyingi. Majani yake, yaani ukindu, husukwa mikeka, vikapu na kofia. Matunda huliwa na ndege, tumbili na watoto. Mizizi hushika udongo wa ukingo wa mto usimomonyoke.

Lakini mkindu umo taabuni. Kila mwaka Jumapili ya Matawi inapokaribia, watu hushuka mtoni na panga. Wengi hulitaka lile jani changa la katikati ambalo halijafunguka, kwa kuwa ni laini na hufaa kusukia misalaba. Jani hilo hutoka moyoni mwenyewe. Ukilikata mara kwa mara unalidhoofisha shina. Mimi pia huenda kanisani siku hiyo na matawi mkononi, kwa hiyo sisemi tuache desturi. Nasema anayekata na apande.

HATUA ZA KUOTESHA

1. Kutafuta mbegu. Mikindu iko dume na jike, na majike tu ndiyo huzaa. Mwombe ruhusa mwenye shamba, kisha uchume matunda yaliyoiva, yenye rangi ya machungwa au kahawia. Jihadhari na miiba iliyo chini ya majani. Inachoma kama sindano ya daktari. Chukua mbegu mbichi za msimu huo. Mbegu nyingi za jamii hii zikikauka sana au zikikaa muda mrefu hupoteza uhai, si kama mahindi ambayo twaweza kuyaweka ghalani hadi mvua inyeshe.

2. Kusafisha. Loweka matunda siku mbili au tatu, kisha uyasugue mpaka nyama yote itoke. Nyama ikibaki huleta ukungu na kuchelewesha mbegu kuota. Utaona mbegu ndogo yenye mfereji upande mmoja, kama ya tende ya dukani.

3. Kuloweka. Weka mbegu safi katika maji kwa siku mbili, ukibadilisha maji kila siku.

4. Kuatamia. Hapa ndipo wengi hushangaa. Mti huvumilia baridi, lakini mbegu yake hutaka joto, nyuzi 25 hadi 30 hivi. Ukiipanda moja kwa moja kwenye udongo wa Kinangop italala tu. Chukua mkebe wa plastiki wenye kifuniko. Changanya mchanga na unga wa mbao, unyunyizie maji, kisha ufinye kwa mkono. Ukitoa tone moja au mawili, ni sawa. Maji yakitiririka, umezidisha. Fukia mbegu humo, ufunike, na uweke mahali penye uvuguvugu. Wengine zamani walitumia mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, na mkebe wafaa vizuri tu. Sisi katika chama tuliuweka kwenye rafu ya jikoni shuleni, mbali kidogo na jiko la kuni. Tunamshukuru mpishi wetu kwa kutukubalia.

5. Kungoja. Fungua mkebe mara moja kwa wiki uingize hewa na kutoa mbegu yenye ukungu. Mbegu huchukua miezi miwili au mitatu, na nyingine zaidi. Subira yavuta heri.

6. Kuhamisha. Kwanza hutoka kitu cheupe kinachoelekea chini. Usifikiri ni mzizi tu. Ni kama kitovu kinachouteremsha mche ardhini, na mzizi na jani hutokea kwenye ncha yake. Mbegu yenyewe hubaki juu ikiulisha mche, kwa hiyo usiivunje. Panda kila moja katika pakiti ya maziwa iliyotobolewa chini, maana mzizi huenda mbali. Tumia udongo wa msituni, mchanga na samadi iliyooza.

KUUTUNZA MCHE

Jani la kwanza ni moja tu, jembamba, na limefanana kabisa na nyasi. Jambo hili lina hatari yake. Machi iliyopita tuliweka mbegu 40 mkebeni. Kufikia mwisho wa Julai miche 27 ilikuwa imetoka, na tukaipanga nyuma ya maabara. Siku moja wanafunzi waliokuwa zamu ya usafi wakang'oa tisa wakidhani ni magugu. Hawana lawama, maana mimi mwenyewe ningeonyeshwa bila kuambiwa ningesema ni nyasi. Tangu siku hiyo kila pakiti ina kijiti chekundu.

Majani yenye kuchanika kama unyoya huja baadaye, baada ya mwaka au zaidi. Hata hapo hutaona shina. Mkindu hujenga kwanza msingi wake chini ya ardhi kwa miaka kadhaa, ndipo uanze kupanda juu. Ni kama fundi anayechimba msingi, wapita njia wakisema hafanyi kazi.

Mwagilia udongo ukianza kukauka, lakini usiache maji yatuame. Kumbuka pia kwamba mche hauna nguvu za mti mzima. Usiku wa Januari uweke karibu na ukuta na kuufunika kwa gunia au nyasi kavu, kisha ufunue asubuhi jua likitoka. Ukiuhamishia shambani, fanya hivyo mwanzo wa mvua ya masika, mahali penye unyevu, na uendelee kuufunika kwa misimu miwili ya kwanza ya sakitu.

HITIMISHO

Wasomaji wapenzi, miche yetu iliyobaki ni 18. Sakitu ya Januari itaikuta midogo, urefu wa kidole. Shule yetu ni ya kutwa. Jioni kengele ikilia kila mtu hushika njia ya kwao, na usiku hapabaki mtu ila mlinzi. Kwa hiyo twahitaji watu wa kuifunika kila jioni na kuifunua asubuhi, likizo ikiwemo. Wanaokaa karibu na shule wamwone mwalimu mlezi wa chama ili tupange zamu. Majina yaliyopatikana hadi sasa ni matano, nasi twataka kumi na manne, yaani wawili kwa kila siku ya juma.

Sisi wa kidato cha tatu mwakani tutakuwa tukijiandaa kwa mtihani, kisha tutaondoka kabla shina hata moja halijaonekana. Kwa hivyo nawasihi hasa ninyi wa vidato vya chini. Miche hii ikivuka Januari, tutaipanda kando ya mto ule ule ulikotoka mbegu zake. Ikifa, itabidi tusubiri matunda ya msimu mwingine, na panga za Jumapili ya Matawi hazitatusubiri.

Kazi kwenu!

Mwanachama, Chama cha Kiswahili
Kidato cha Tatu