Printa Inayopotea Mtandaoni na Kurudi

Printa iliyokufa kabisa haimsumbui fundi kwa muda mrefu, lakini printa ya mtandao inayochapa asubuhi, ikagoma mchana na kurejea jioni bila kuguswa na mtu huwafanya wengi wabadilishe waya, waingize upya programu zake na hata kununua mashine nyingine, ilhali mara nyingi hitilafu haimo ndani ya printa. Katika steshenari, shule na ofisi ambazo bado zinatumia Windows 7, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2009 na ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 14 Januari 2020, jambo la kwanza linalostahili kuchunguzwa ni anwani.

Kila kifaa kilichomo kwenye mtandao wa ndani hutambuliwa kwa anwani ya IP, yaani namba kama 192.168.1.20, ambayo kwa kawaida hugawiwa na ruta kwa utaratibu uitwao DHCP, nao hukikopesha kifaa namba hiyo kwa muda maalumu bila kukimilikisha. Kifaa kilichowashwa huomba kuongezewa muda nusu ya mkopo inapopita. Printa iliyozimwa Ijumaa jioni haiwezi kuomba, na muda ukiisha ruta ina uhuru wa kuitoa namba ileile kwa simu ya mgeni. Jumatatu printa huwashwa ikapewa 192.168.1.27, huku kompyuta ikiendelea kutuma nyaraka kwenye 192.168.1.20, mithili ya barua ipelekwayo nyumba ambayo mpangaji wake amehama. Siku namba ya zamani itakaporudi kwa printa, kazi zitachapwa tena, na hapo ndipo watu hudhani kwamba tatizo limejiponya.

Kulithibitisha hakuhitaji kifaa chochote cha pekee: printa nyingi huweza kuchapa ukurasa wa mipangilio yake kutoka kwenye vitufe vyake vyenyewe, na anwani iliyoandikwa humo hulinganishwa na ile iliyomo kwenye kichupo cha milango katika sifa za printa kwenye kompyuta. Zikitofautiana, tiba ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuitengea printa anwani moja ya kudumu, kisha kuisahihisha anwani hiyo kwenye kila kompyuta.

Anwani zikilingana, macho yahamie kwenye SNMP, utaratibu ambao Windows huutumia kuiuliza printa hali yake. Printa isipojibu swali hilo, labda kwa sababu imelala ili kuokoa umeme, Windows huweza kuitangaza kuwa haiko mtandaoni hata kama iko tayari kuchapa, na kuondoa alama ya tiki kwenye chaguo la SNMP katika usanidi wa mlango huondoa tangazo hilo la uongo.

Kuna pia ofisi ambamo printa imefungwa kwenye kompyuta moja nayo ikawagawia wenzake. Mpangilio huu ni dhaifu, kwani kompyuta hiyo ikilala, wote hukosa printa. Tena Windows XP Professional iliruhusu miunganisho 10 tu kwa wakati mmoja, na Windows 7 miunganisho 20. Masasisho ya usalama ya Septemba 2021 yaliongeza mtihani mwingine, kwa kuwa kompyuta inayogawa printa ilianza kudai uthibitisho mkali zaidi, na zile ambazo hazikusasishwa zikakumbana na kosa lenye namba 0x0000011b. Wapo wanaoshauri kuuzima ulinzi huo kwenye rejista ya Windows, ushauri ambao hurudisha uchapaji kwa gharama ya kuacha wazi tundu ambalo masasisho yalikuja kuliziba. Iwapo printa ina kadi yake ya mtandao, ni afadhali kila kompyuta iunganishwe nayo moja kwa moja kwa anwani ya kudumu, kwani hapo hapabaki kompyuta ya kati inayoweza kulala, kuzimwa au kudai uthibitisho.