Mbu na Joto la Hewa

Kila kisha vakansi tunajiuliza: juu ya nini mwenzetu wa mlimani akishuka Uvira anarudi na homa kali, na binamu yake aliyezaliwa kule chini anaendelea kucheza mpira? Wengine wanasema ni maji, wengine ni upepo wa ziwa. Tuangalie vizuri.

Watu wa Ulaya nao zamani walisingizia hewa. Jina «malaria» latoka lugha ya Italia, maana yake «hewa mbaya», juu ya harufu ya mabwawa. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Laveran, akiwa Algeria, aliona kijidudu kidogo sana ndani ya damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Mwingereza Ross, akiwa Uhindi, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Basi mwenye kuleta ugonjwa ni mbu, ile aina inayoitwa anofele, si harufu.

Lakini hewa pia iko na kazi yake. Mbu jike akinywa damu ya mgonjwa leo, hawezi kuambukiza mtu kesho. Kijidudu kinapaswa kwanza kukomaa ndani yake. Joto likiwa digrii 25, kinahitaji siku kama 12. Likiwa digrii 20, siku kama 28. Chini ya digrii 16, kile cha malaria kali hakikomai. Na maisha ya mbu ni mafupi, wengi hawamalizi mwezi. Kwa hiyo penye baridi mbu anakufa mbele ya kijidudu kuwa tayari.

Sasa tupande mlima. Kila mita 1000, joto linapungua digrii kama 6. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi, Ziwa Kivu mita 1460, na nyanda za juu za Itombwe zinapita 2000. Uvira kijidudu kinakomaa mbio, Bukavu polepole, kule juu kabisa ni shida. Mtu mzima wa bonde ameumwa mara mingi tangu utoto, mwili wake umejifunza kupigana. Wa mlimani haujajifunza. Si ulozi, wala si uzembe. Lakini tusisahau watoto wadogo wa bonde: hao nao hawajajifunza bado, na wengi wanakufa.

Mvua inasaidia mbu pia. Anofele anataga mayai katika maji yenye kusimama: alama za miguu ya ng'ombe, mashimo ya matofali. Kwenye joto, wiki mbili hazipiti, yai limekuwa mbu mwenye kuruka. Na mashimo yale, nani aliyeyachimba? Ni sisi.

Hatuwezi kuamuru jua wala mvua. Lakini siku ya salongo tunaweza kufukia mashimo. Usiku tunaweza kulala ndani ya musikitere, kwa sababu anofele anauma zaidi usiku. Hata hewa ya mlimani ikizidi kupata joto, mbu atapanda pamoja nayo, basi wa juu wasijivune.

Neno la mwisho kwa wenye kusafiri: homa inaweza kuanza siku 7 mpaka 14 kisha kuumwa na mbu, au zaidi, wakati umekwisha kurudi shuleni. Usiseme ni uchovu wa njia. Uende kituo cha afya siku ileile, wapime damu, na umwambie muganga ulikotoka.