Sikio la Mkamba: Njia za Usikizi Ubongoni na Ujifunzaji wa Kiswahili Kitui na Makueni

Mwanafunzi wa Kitui au Makueni anapotamka "langi" badala ya "rangi", au "ndukani" badala ya "dukani", darasa hucheka, na pengine mwalimu akahitimisha kwamba mwanafunzi huyo hana sikio. Makala haya yanadai kwamba kauli hiyo haina msingi. Sikio analo, tena zuri. Linalohitaji kuelezwa ni jinsi seli za neva zinavyoungana kutoka sikioni hadi kwenye gamba la ubongo, na ni wapi hasa katika njia hiyo ambapo lugha ya kwanza huacha alama yake.

Ifahamike kwanza hali ya lugha yenyewe. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653, na walio wengi hulelewa katika Kikamba. Lugha hii ina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano. Haina /r/. Vipasuo ghuna [b], [d] na [g] hutokea tu vikitanguliwa na nazali. Ndiyo sababu "gari" lilipokopwa likawa "ngalĩ", nayo "barua" ikawa "valũa". Aidha, Kikamba ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa kidatu hutofautisha maana za maneno na nyakati za vitenzi, na baadhi ya wachanganuzi wamebainisha viwango vinne vya toni. Kiswahili sanifu hakina toni. Hutegemea mkazo, kama kila mwanafunzi wa fonolojia anavyokumbushwa kwa jozi ya barabára na barábara.

Sauti inapofika sikioni hutikisa kiwambo, na mifupa mitatu midogo huupeleka mtikisiko huo kwenye kokilia, mfereji uliojikunja mithili ya konokono. Humo mna takriban seli 3,500 za ndani zenye vinyweleo, zilizopangwa kama vibao vya kinanda: zilizo mwanzoni mwa mfereji hupokea sauti nyembamba, zilizo mwishoni hupokea sauti nene. Neva ya usikizi ina nyuzi zipatazo 30,000, na karibu zote huanzia kwenye seli hizo chache, kila uzi ukishikamana na seli moja tu. Nyuzi hizo huingia katika shina la ubongo zikiwa zimehifadhi mpangilio uleule.

Hapo ndipo pana miungano ya ajabu. Kwa kawaida seli moja ya neva huigusa nyingine kwa vijincha vidogo, na huhitaji viguso vingi kuiamsha. Katika njia ya usikizi, baadhi ya ncha ni kubwa kupindukia. Huikumbatia seli inayopokea kama kiganja kinavyoshika yai. Mwanasayansi Mjerumani Hans Held alizieleza mnamo 1893, na hata leo zinaitwa kwa jina lake. Karibu nazo zimo seli zinazoitwa pweza, kwa jinsi minyiri yao ilivyoelekea upande mmoja. Hizi hupokea nyuzi nyingi na huitikia pale tu nyuzi hizo zinapopiga kwa pamoja, kama inavyotokea konsonanti inapopasuka.

Faida ya miungano hii ni kutunza wakati. Tofauti ya muda wa sauti kufika sikio la kulia na la kushoto haizidi takriban mikrosekunde 700, na bado ubongo huitumia kujua sauti inatoka wapi. Kwa msemaji wa Kikamba kuna faida nyingine. Nyuzi za sauti kooni mwa mwanamume hufunguka na kufunga takriban mara 100 kwa sekunde, na za mwanamke mara 200. Neva ya usikizi hupiga kwa kufuata mdundo huo. Toni, basi, husafiri ubongoni ikiwa wakati.

Je, miungano hii huzaliwa ikiwa kamili? Uchunguzi wa panya umeonyesha kwamba hujengeka kabla ya sikio kuanza kusikia. Seli za kokilia hupiga zenyewe katika kimya, ncha kadhaa hushindania seli moja, na hatimaye hubaki moja kubwa. Lakini ujenzi hauishii hapo. Mwaka 2005, Ananthanarayan Krishnan na wenzake walipima kwa elektrodi mwitikio wa shina la ubongo la wasemaji wa Kichina cha Mandarin na wa Kiingereza. La Wachina lilifuata kidatu cha toni kwa uaminifu zaidi. Sehemu iliyodhaniwa kuwa tarishi tu, kumbe nayo hufundishwa na lugha. Toni za Mandarin ni za kupinda, za Kikamba zaidi ni za viwango, hivyo matokeo hayo hayahamishwi kikamilifu hadi Ukambani. Hata hivyo, yanatosha kumzuia mtu kusema kwamba aliyelelewa katika toni ana sikio pungufu.

Suala la /r/ ni tofauti. Mwaka 2006, Patricia Kuhl na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Kijapani na wa Kimarekani wenye miezi 6 hadi 8 hutofautisha /r/ na /l/ za Kiingereza kwa kiwango sawa. Kufikia miezi 10 hadi 12, Wamarekani wameimarika na Wajapani wamefifia, kwa kuwa lugha ya Wajapani haihitaji tofauti hiyo. Ni kweli kwamba /r/ hiyo si kimadende cha Kiswahili, lakini utaratibu ni mmoja: njia za awali huifikisha tofauti, na ngazi za juu hujifunza kuipuuza.

Kilichopuuzwa chaweza kurudishwa. Mwaka 1991, John Logan, Scott Lively na David Pisoni waliwafunza Wajapani watu wazima kwa takriban wiki tatu, wakiwasikilizisha jozi za maneno kutoka vinywani mwa wasemaji mbalimbali na kuwaambia papo hapo walipopata au kukosea. Usikivu wao uliimarika. Kiswahili kina jozi za namna hiyo tele: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Mwalimu wa Mwingi au Wote anaweza kuzirekodi kwa simu, kwa sauti za wasemaji watano au sita, wake kwa waume, na kuwapa wanafunzi wazisikilize kabla ya kuwataka wazitamke.