Kutoka Kibanjani Hadi India kwa Kidole Kimoja

Zamani ukitaja India mbele ya bibi zetu wa Muleba, walikumbuka maduka ya vitambaa mjini Bukoba na filamu za kuimba na kulia. Siku hizi neno hilo huja pamoja na ugonjwa. Mtu akiumwa sana, majirani husema, "Huyo ni wa India tu."

Ndivyo alivyoambiwa binti wa dada yangu anayeishi Kamachumu. Mtoto wake wa miezi minane alikuwa akihema kwa shida kila aliponyonya, na daktari alishuku kuwa moyo una tundu. Alifika kwangu Bukoba jioni, mtoto mgongoni, simu mkononi.

"Shikamoo mama mdogo. Nimempata mtu wa kutupeleka India."

"Marahaba mwanangu. Keti kwanza."

Mtu huyo alimpata kwenye intaneti. Alijiita wakala wa hospitali, akataka fedha za kushika kitanda zitumwe kwa simu kabla ya kesho saa sita mchana. Binti yetu na mumewe walikuwa tayari kuweka rehani kibanja, kibanja kile kile ambamo wazee wa mume wamezikwa.

Nilimwomba tungoje. Kwa jioni mbili tulikaa na simu ile, tukasoma habari za India, na mengi tuliyoyaona yalitushangaza.

Waya chini ya bahari

Kumbe barua ya simu kutoka Bukoba haipiti hewani safari yote. Sehemu kubwa ya njia hupita ndani ya nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba mwanga. Julai 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi chini ya Bahari ya Hindi, ukiunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na nchi za mbali. Tawi lake moja linatua Mumbai, India. Kabla ya hapo nchi yetu ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua.

Wahindi nao walianza taratibu. Intaneti ilifunguliwa kwa wananchi wa kawaida huko Agosti 15, 1995. Mwaka 2016 kampuni ya Jio iliingia sokoni ikitoa huduma bure kwa miezi ya mwanzo, bei zikaporomoka, na hata mkulima wa kijijini akaanza kuperuzi.

Lakini wanawake wengi wa vijijini walibaki nyuma, kwa kuwa simu ya nyumbani ilikuwa ya baba. Ndipo mwaka 2015 ukaanzishwa mpango wa Internet Saathi, maana yake mwenzi wa intaneti. Wanawake wa vijijini walifundishwa kutumia simu, kisha wakapanda baiskeli kwenda kuwafundisha wenzao. Binti yetu alicheka: "Mama mdogo, sisi baiskeli twapandia ndizi tu!"

Hata wao ni watu wa ndizi

Naam, ndizi! India ndiyo nchi inayozalisha ndizi nyingi kuliko zote duniani, na karibu zote huliwa huko huko. Katika jimbo la Kerala, kusini, migomba huzunguka nyumba kama ilivyo kwetu. Huko hawatupi kitu. Ua la mgomba hukatwakatwa na kupikwa kama mboga, moyo wa shina pia hupikwa, ndizi hukaangwa kwa mafuta ya nazi, na siku ya sherehe wali hupakuliwa juu ya jani la mgomba.

Kahawa ya robusta wanayo pia, hasa jimbo la Karnataka. Sisi twaitafuna na kumkaribishia mgeni. Wao huinywa na maziwa ya moto, wakiimimina toka chombo hadi chombo mpaka itoe povu.

Wanawake watatu

Habari iliyotunyamazisha ni ya Vellore. Ida Scudder, binti wa daktari mmisionari kutoka Marekani, alizaliwa India mwaka 1870. Usiku mmoja wanaume watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walikuja kuomba msaada kwa wake zao waliokuwa na uchungu wa kuzaa. Baba yake alikuwa tayari kwenda, lakini mila zao hazikuruhusu daktari mwanamume. Wanawake wote watatu walifariki. Ida akaenda kusomea udaktari, akarudi, na mwaka 1900 akaanza kutibu wanawake katika zahanati yenye kitanda kimoja. Mwaka 1918 alifungua shule ya udaktari kwa wanawake. Leo mahali hapo ni hospitali kubwa inayojulikana duniani.

Binti yetu alimtazama mtoto aliyelala, akasema polepole, "Hospitali ya kweli haina haraka ya kuomba hela."

Kabla hujatuma pesa

Tulimwandikia yule wakala tukimwomba barua ya hospitali, maana India hutoa viza maalumu ya matibabu kwa mgonjwa na msindikizaji, na viza hiyo huhitaji barua. Akajibu kwa ukali kuwa tunapoteza nafasi. Tulipoomba anwani, hakujibu tena.

Asubuhi tulirudi kwa daktari. Alitupa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, na huko wakatuelekeza Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 2015, na upasuaji mwingi wa moyo uliokuwa ukitupeleka India hufanyika hapo. Mtoto alipasuliwa, akapona. Leo anakimbiza kuku kibanjani, na kibanja bado ni chao.

Wapo wagonjwa ambao bado huhitaji kwenda India, na waende kwa njia halali. Lakini wewe mama, ukisoma jambo kwenye simu, jiulize: Nani ameandika? Yuko wapi? Kwa nini ana haraka? Kisha mpelekee daktari wako yale uliyoyasoma, na mshirikishe mwenzako nyumbani.

Na siku mkipata maua ya mgomba, jaribuni kuyapika. Sisi tuliyaloweka kwanza kwenye maji ya chumvi ili uchungu utoke. Watoto walimaliza sufuria.