Mshahara wa Ng'ambo Ulipopungua Mwezi wa Nne

Mwezi wa tano mwaka 2025, baba mmoja wa hapa Kitai alitujia jioni, sisi wawili tunaohudumu katika kamati ya akina mama kanisani. Mmoja wetu ni muuguzi. Tulimkaribisha chai akakataa. Alikaa kwenye kigoda, akatoa simu mfukoni, akaishika tu mkononi bila kuifungua.

"Mama," alisema, "nimekuja kwenu kwa sababu mke wangu ni muuguzi kama ninyi, na akina mama mnaambiana. Nielezeni ukweli. Mwenzangu amepata mtu huko."

Mke wake aliondoka mwezi wa kumi na moja mwaka 2024 kwenda Uingereza, kufanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Tangu tarehe 11 Machi 2024 Uingereza haikuwaruhusu tena watunzaji wanaokwenda kuanza kazi hiyo kuchukua mume au watoto, kwa hiyo baba alibaki na watoto watatu, mdogo akiwa darasa la tatu. Kabla ya kuondoka walikaa chini wakaandika kwenye daftari: ada kiasi hiki, deni la safari kiasi hiki, matofali kiasi hiki. Miezi mitano fedha ilifika sawasawa na daftari. Mwisho wa mwezi wa nne ikafika pungufu, kwa zaidi ya laki sita za Kitanzania. Mama akasema kwenye simu, "Wamekata kodi." Baba akamjibu, "Kodi gani hiyo iliyolala miezi mitano ikaamka wa sita?"

Wasomaji wapenzi, tunaungama. Sisi nasi tulimwamini baba. Mmoja wetu amekatwa kodi kwenye mshahara wake hapa nchini kwa zaidi ya miaka ishirini, mwezi hadi mwezi, na hajawahi kuona kodi inayolala. Tulimwambia baba avumilie, lakini alipotoka tulitazamana, na kila mmoja alijua mwenzake anafikiri nini. Tulimhukumu mama wa watu kabla ya kumsikia.

Siku ya pili yake tulimpigia. Alilia kabla hajasema neno. Kumbe yeye mwenyewe hakuelewa. Alidhani mwajiri wake amemwibia, na aliogopa kuuliza asije akafukuzwa. Tulimwomba atutumie picha za hati zake zote za mshahara, zile sita. Zilipofika tuliketi mezani na kalamu.

Jinsi kodi inavyohesabiwa kule

Hatutaandika mshahara wake halisi hapa. Tuchukue pauni 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka, ili hesabu iwe nyepesi.

Kwetu Tanzania, mwajiri hukata kodi ya mshahara, ile tuiitayo PAYE, kwa kutazama mwezi huo peke yake. Shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi. Zinazofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, na viwango hupanda hadi asilimia 30 kwa kinachozidi milioni moja. Aliyeanza kazi Januari na aliyeanza Novemba, wakiwa na mshahara mmoja, hukatwa sawa.

Uingereza nako wana PAYE, jina ni lile lile, na pengine ndiyo maana tulipotea. Lakini wao hutazama mwaka mzima. Kila mkazi anaruhusiwa kupata pauni 12,570 kwa mwaka bila kodi ya mapato. Kiasi hicho hakijabadilika tangu 2021. Kinachozidi hapo hutozwa asilimia 20, mpaka mshahara ufike pauni 50,270 kwa mwaka, ndipo kiwango hupanda. (Scotland ina viwango vyake.) Mwaka wao wa kodi hauanzi Januari. Unaanza tarehe 6 Aprili na kwisha tarehe 5 Aprili ya mwaka unaofuata, jambo lililotokana na mabadiliko ya kalenda yao mwaka 1752, na hawajaona sababu ya kulirekebisha.

Sasa mfuate mama yetu. Alianza kazi Novemba. Toka Novemba hadi Machi alilipwa mara tano, jumla pauni 10,000. Kiasi kisichotozwa ni 12,570 kwa mwaka wote, na ingawa alikuwapo kwa miezi mitano tu, haki yake ilikuwa ya mwaka mzima, kwa kuwa aliyehamia kule kwa kazi ya kutwa ya zaidi ya mwaka huhesabiwa kuwa mkazi. Elfu kumi haikufika 12,570. Kodi ya mapato: sifuri, miezi yote mitano. Hakuna aliyemwonea huruma wala aliyemsahau. Ni hesabu.

Aprili mwaka mpya ukaanza, na sasa mbele yake kuna mishahara kumi na miwili. Toa 12,570 katika 24,000, inabaki 11,430. Asilimia 20 yake ni pauni 2,286. Gawa kwa miezi kumi na miwili: pauni 190 na senti 50 kila mwezi. Hapo ndipo laki sita zilipokwenda.

Liko pia kato la pili, linaloitwa Bima ya Taifa. Ni mchango unaomjengea mfanyakazi haki ya pensheni ya serikali na mafao mengine. Tangu Aprili 2024 ni asilimia 8 ya mshahara unaozidi kiasi kile kile cha kuanzia. Hili halitazami mwaka, linatazama kila malipo, kwa hiyo lilikatwa tangu siku ya kwanza: pauni 76 na senti 20. Basi Novemba hadi Machi mikononi mwake zilibaki pauni 1,923 na senti 80; Aprili zikabaki 1,733 na senti 30. Hapo bado hatujagusa mchango wa pensheni ya kazini, wala kodi ya chumba, wala nauli ya basi.

Karatasi ya siku ya kwanza

Mama huyu alipata jambo moja jema bila kujua: alijaza vizuri karatasi ya mfanyakazi mpya. Siku ya kwanza mwajiri humpa mgeni orodha ya maswali, na mojawapo humtaka aseme kama hii ndiyo kazi yake ya kwanza tangu tarehe 6 Aprili, kama ana kazi nyingine, au kama anapokea pensheni. Kazi aliyoiacha Tanzania si kazi ya Uingereza, kwa hiyo mgeni asiye na ajira nyingine kule hujaza kuwa hii ni ya kwanza. Akijibu hivyo hupewa msimbo wa kodi, yaani alama fupi inayoandikwa kwenye hati ya mshahara. Ulio wa kawaida ni 1257L. Ukiuona, ujue zile 12,570 zimehesabiwa.

Asiyejaza karatasi hiyo hupewa msimbo 0T. Maana yake hana hata pauni moja isiyotozwa. Mshahara ule ule wa 2,000 hukatwa pauni 400 za kodi kila mwezi. Fikiri wawili waliotoka huku pamoja, wakaanza Novemba siku moja, mmoja akikatwa sifuri na mwingine 400, kwa sababu ya karatasi moja! Fedha hiyo haipotei. Mhusika akiwasiliana na mamlaka ya kodi ya kule, HMRC, na msimbo ukarekebishwa, iliyozidi hurudishwa, mara nyingi kupitia mshahara unaofuata. Lakini ni lazima aseme. Akikaa kimya kwa kuogopa kuitwa mkorofi, itakaa huko huko. Nanyi mnaopokea ujumbe wa simu usemao "una marejesho ya kodi, bofya hapa", msibofye. Huo ni wizi.

Onyo moja kwa vijana wetu. Wako wanaofanya kazi kwa namba ya mtu mwingine. Mshahara wote huingia katika hesabu za mwenye namba, kodi hukatwa kana kwamba ni za mtu mmoja mwenye kazi mbili, na haki ya pensheni hujengwa kwa jina lake. Wewe uliyetoa jasho huonekani popote.

Anayekwenda Muscat, anayekwenda Marekani

Tumepata maswali mengi zaidi kuhusu Oman, maana mabinti wengi huenda kule kwa kazi za nyumbani, kwa hiyo tuliseme wazi. Oman haijaanza kutoza kodi ya mapato ya mtu binafsi. Mwaka 2025 ilitolewa sheria ya kuanza kuitoza Januari 2028, asilimia 5, na ni kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka. Hakuna mfanyakazi wa ndani anayekaribia kiasi hicho. Binti akikuambia tajiri au wakala amemkata "kodi ya serikali" katika mshahara wake, mwambie haipo, na akaripoti ubalozini kwetu Muscat.

Marekani ni shughuli nyingine. Mwajiri hukata kila malipo, lakini hesabu ya mwisho huifanya mfanyakazi mwenyewe kwa kujaza fomu ya mwaka, kwa kawaida kabla ya tarehe 15 Aprili. Asilimia 7.65 hukatwa kwa ajili ya mafao ya uzeeni na matibabu ya wazee. Majimbo mengi huongeza kodi yao juu, mengine, kama Texas, hayana. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu hutakiwa kutaja kipato chake cha popote duniani, hata pango la nyumba aliyoiacha Mbinga mjini.

Tukiwa kwenye pango: aliyeko Uingereza naye asidhani nyumba ya huku haihusiki. Sheria mpya ya Aprili 2025 humpa mgeni, kama hakuwa mkazi wa kule kwa miaka kumi iliyotangulia, miaka minne ya kuomba kipato chake cha nje kisitozwe. Lakini akiomba hivyo hupoteza zile 12,570 kwa mwaka huo. Kwa mwenye vyumba viwili vya kupangisha Mbinga haifai kabisa. Na kama pango lake lote kwa mwaka halizidi pauni 1,000, liko nafuu jingine linalolifunika.

Je, Tanzania nayo itamtoza? Sheria yetu humhesabu mtu kuwa mkazi akikaa nchini siku 183 au zaidi kwa mwaka, au akiwa na makazi ya kudumu hapa na akawapo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo, hata akija kwa Krismasi tu. Mkazi hutozwa kwa kipato cha kote. Hatuna mkataba wa kuzuia kodi mara mbili na Uingereza wala Marekani, ingawa tunao na nchi kama Canada, India, Sweden na Zambia. Hata hivyo sheria yetu yenyewe hutoa nafuu kwa kodi iliyokwisha kulipwa nje. Ushahidi ni karatasi, kwa hiyo asitupe hata moja. Jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, akitoka Malawi kuja kufanya kazi huku kabla hajawa mkazi, naye hutozwa kwa utaratibu wake, asilimia 15 ya mshahara.

Babu zetu walikuwa na kodi ya kichwa, na baba zetu kodi ya maendeleo mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Ulilipa mkononi, ukapewa stakabadhi, ukaitunza kama roho, kwa kuwa mgambo wangeweza kuidai njiani. Hakuna mke aliyemtilia mumewe shaka juu ya kodi ile, kila mtu aliiona. Hii ya siku hizi hukatwa kabla fedha haijaonekana. Mtu aliyebaki nyumbani huona pungufu tu, na pungufu bila maelezo huzaa maneno.

Tulimwita baba siku ya Jumapili. Hatukumhubiria. Tulimpa kalamu na zile hati sita, akapiga hesabu mwenyewe, akarudia, akafika kwenye 190 na senti 50. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaomba simu yetu kwa sababu yake haikuwa na salio, akatoka nje akaenda kusimama mbali kwenye mibuni. Chai yake ilipoa.

Daftari wameliandika upya. Matofali yamesogezwa mbele, ada na deni vimebaki palepale, na kila mwezi mama hutuma picha ya hati nzima badala ya kutaja fedha tu. Mwisho wa mwezi wa tano alipata karatasi ya mwaka iitwayo P60, ambayo mwajiri wa kule hutakiwa kuitoa kabla ya Mei kwisha. Mstari wa mshahara ulionyesha malipo yote matano, na mstari wa kodi ya mapato ulisomeka 0.00. Baba aliichapisha Mbinga mjini, akaiweka kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto.