Heshima ya ustadhi na usalama wa watoto ni amana moja

Kwetu Nachingwea neno "chuo" lina maana mbili. Mgeni akiulizia njia ya kwenda chuoni huelekezwa Chuo cha Ualimu. Lakini bibi akimwambia mjukuu wake "nenda chuoni", mtoto huchukua juzuu yake na kwenda kwa ustadhi. Chuo cha kwanza kina bajeti, wakaguzi na watumishi wenye barua za ajira. Cha pili kina mkeka, ubao na subira ya mtu mmoja. Makala haya yanahusu chuo hicho cha pili, na nayaandika nikiwa katibu wa kamati ya msikiti ambaye naye ana sehemu yake katika kosa nitakalolisimulia.

Ilikuwa mwanzoni mwa msimu wa korosho. Watoto 11 wa kiume walikuwa wamelala katika bweni la madrasa yetu, na umeme ulikuwa umekatika. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka 10, aliwasha mshumaa ili adurusu aya atakazosomeshwa alfajiri. Akaubandika juu ya sanduku lake la bati, kisha usingizi ukampitia. Moto ulishika chandarua, na kutoka kwenye chandarua ukaingia kwenye godoro la sponji.

Madirisha ya bweni lile yalikuwa na nondo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje, na ufunguo alikuwa nao mlinzi. Usiku ule mlinzi alikuwa amekwenda shambani kulinda korosho zake zisiibwe. Ustadhi alikuwa barazani kwake akijiandaa kulala aliposikia watoto wakikohoa na kugonga mlango. Alichukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaling'oa komeo pamoja na kipande cha ubao wa mlango. Watoto wote 11 walitoka hai, alhamdulillahi. Wawili waliungua mikono, wakatibiwa hospitali na kupona. Ustadhi mwenyewe aliungua kiganja.

Kufuli lile nililinunua mimi. Wazazi walikuwa wamelalamika kwamba vijana wanatoroka usiku kwenda kwenye vibanda vya video. Kamati ikakubaliana wafungiwe, nami nikatumwa dukani. Hakuna aliyeuliza itakuwaje ikizuka hatari usiku na mwenye ufunguo hayupo.

Ijumaa iliyofuata ustadhi alisifiwa mbele ya jamaa wote. Tulimvisha kanzu mpya na kofia, tukamwombea dua, na wazazi wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. Watu walipotawanyika alinifuata pembeni.

"Katibu, kanzu nimeipokea, Allah awalipe," aliniambia kwa upole. "Lakini mama watoto ameniuliza, je, kanzu inapikika?"

Nilirudi ofisini nikafungua daftari. Alikuwa anaidai kamati posho ya miezi 5. Kila mwezi tulikuwa tumemwambia asubiri korosho ziuzwe. Aliongeza kwamba wenzetu wa madrasa moja ya Ruangwa wamemwita akafundishe kwao, na kwamba anafikiria kwenda.

Mtu yule alikuwa amewatoa watoto wetu 11 motoni, na sisi tulikuwa hatujamlipa tangu kabla ya mvua kwisha. Hapo ndipo nilipoona kwamba mambo mawili tuliyozoea kuyajadili mbalimbali, yaani heshima ya mwalimu na usalama wa mwanafunzi, ni jambo moja. Usalama wote wa bweni lile ulikuwa umesimama juu ya mtu mmoja, na mtu huyo tulikuwa tunamchosha hadi aondoke.

Ndugu zangu, jambo hili halikuanza kwetu. Historia inatufahamisha kwamba baada ya vita vya Badri, baadhi ya mateka waliojua kusoma na kuandika waliachiwa huru kwa sharti la kuwafundisha watoto wa Madina. Kazi ya kufundisha ilihesabiwa kuwa na thamani ya fidia ya mtu. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliwawekea walimu watatu wa watoto wa Madina dirhamu 15 kila mmoja kwa mwezi. Malipo yale yalikuwa na kiasi maalumu na wakati maalumu. Hayakungoja mavuno ya mtu wala ukarimu wa siku ya Ijumaa.

Sisi tumezoea kusema kwamba ustadhi anafundisha kwa ajili ya Allah, na ni kweli. Lakini mzazi huyohuyo humlipa mwalimu wa masomo ya ziada kila wiki bila kuchelewa, kwa sababu asipomlipa mtoto atarudishwa nyumbani. Ustadhi hamrudishi mtoto, na sisi tumeifanya huruma yake kuwa mlango wa kumdhulumu. Walimu wa shule za Serikali wana Chama cha Walimu tangu mwaka 1993, wana Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na kila tarehe 5 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Walimu. Hapa Lindi tunajua mwalimu anaweza kufika wapi. Ndugu Kassim Majaliwa wa Ruangwa, aliyeteuliwa kuwa Waziri Mkuu Novemba 2015, alikuwa mwalimu kabla ya kuingia katika siasa. Ustadhi wa madrasa hana chama wala tume. Ana kamati ya msikiti tu, na kamati hiyo ni sisi.

Upande wa usalama nao hatuwezi kusema hatukuonywa. Mwaka 1994 moto uliteketeza bweni la shule ya sekondari ya wasichana ya Shauritanga, Kilimanjaro, na wasichana wapatao 40 wakapoteza maisha. Mwaka 2009 wasichana 12 walifariki katika bweni la sekondari ya Idodi, Iringa, na ilielezwa kwamba chanzo kilikuwa mshumaa. Mwaka 2020 misiba ilifika katika taasisi zetu wenyewe. Mwezi Julai wanafunzi 3 walifariki kwa moto katika shule ya Kiislamu ya Ilala, Dar es Salaam, na tarehe 14 Septemba watoto 10 walifariki katika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera. Septemba 2024 majirani zetu wa Kenya waliwazika wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Kila ilipotokea tulisoma Fatiha, tukasema ni kudura, tukarudi kulala.

Ni kudura, lakini kufuli ni mkono wa mtu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, nyumba moja ya Madina iliungua usiku ikiwa na watu wake. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwafahamisha watu kwamba moto ni adui yao, akawaagiza wauzime wanapokwenda kulala. Baada ya msiba alitoa agizo la kutendwa usiku uleule. Hiyo ndiyo sunna ambayo mabweni yetu yameisahau.

Wiki mbili baada ya tukio nilipanda gari la asubuhi kwenda Ruangwa kuonana na wale waliotaka kumchukua ustadhi wetu. Nilikwenda na kinyongo, nikarudi na somo. Madrasa yao ni ndogo kuliko yetu, na kuta zake ni za matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu. Lakini ukutani palikuwa na karatasi moja yenye sahihi ya mwenyekiti, ustadhi na wazazi wawili. Sehemu ya juu ilitaja haki za mwalimu na sehemu ya chini ilitaja kinga za watoto.

"Tuliziandika pamoja makusudi," mwenyekiti wao, mzee wa makamo, alinieleza. "Mwalimu mwenye njaa hukimbilia shambani, na akienda shambani watoto hubaki peke yao."

Nikamuuliza fedha wanazitoa wapi. Akanionyesha shamba la wakfu upande wa pili wa barabara. Wanapanda ufuta, na wana mikorosho michache ya zamani. Ufuta huuzwa mnadani katikati ya mwaka, na korosho huuzwa kuanzia Oktoba. Mapato ya misimu hiyo miwili huwekwa katika akaunti ya posho tu, yasiguswe kwa bati wala zulia, na ustadhi hulipwa kila mwisho wa mwezi. Wazazi huongezea kidogo walichonacho.

Niliporudi tuliitisha kikao cha kamati na wazazi. Hakikuwa kikao chepesi. Mzee wetu mmoja alisema yeye alihifadhi juzuu 30 kwa mwanga wa kibatari na hakuungua. Alijibiwa na mama mmoja aliyekuwa nyuma ya pazia, mama wa mmoja wa watoto walioungua.

"Baba, wewe ulilala kwenye nyumba ya nyasi, mlango wake ulikuwa mkeka. Mwanangu alifungiwa kwa chuma."

Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kweli, mama."

Tulijadili pia bakora. Kanuni za Serikali za mwaka 2002 zinaelekeza kwamba shuleni viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na viandikwe. Tulikuwa tumejiona hatuhusiki kwa kuwa sisi ni madrasa. Vivyo hivyo Machi 2023 Serikali ilipozuia shule kulaza bweni watoto wa awali hadi darasa la nne, tulisema hilo ni la shule. Lakini miongoni mwa watoto wetu 11, wanne walikuwa wa umri huohuo. Mwili wa mtoto haubadiliki kwa kuvuka uzio wa shule na kuingia uwanja wa msikiti.

Hatimaye tulikubaliana mambo haya. Watoto wadogo warudi kulala kwa wazazi wao na kuja kusoma mchana. Mlango wa bweni ufungwe kwa kitasa kinachofunguka kutoka ndani, na dirisha moja liondolewe nondo na kuwekewa bawaba. Mishumaa na vibatari visiingie bwenini, bali zitumike taa za sola. Ndoo za mchanga ziwekwe mlangoni, na namba 114 ya Zimamoto iandikwe ukutani, ingawa tunajua kwamba dakika za kwanza ni zetu wenyewe. Mtu mzima asikae na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Mtoto mwenye malalamiko awe na mwanamke na mwanamume wa kumweleza walio nje ya madrasa, na afahamu namba 116 ya kusaidia watoto. Mwalimu akituhumiwa, asikilizwe kwa haki na mashahidi, na wakati huo watoto walindwe.

Kwa ustadhi tuliandika mkataba. Unataja posho, tarehe ya kulipwa, siku za mapumziko na msaada wakati wa maradhi. Deni la miezi 5 lililipwa kwa mafungu mawili, la pili baada ya mnada wa Novemba. Tumeamua pia kwamba kila Oktoba tutamkumbuka hadharani pamoja na ustadhati wa darasa la wasichana, lakini baada ya kuhakikisha kuwa daftari halina deni.

Ndugu msomaji, huenda mtoto wako analala katika bweni kama letu. Nenda jioni moja bila kutoa taarifa. Uliza ufunguo uko kwa nani. Jifungie ndani ujaribu kutoka. Kisha mwulize ustadhi, kwa adabu na faraghani, mara ya mwisho alilipwa lini. Majibu ya maswali hayo mawili yatakueleza hali ya madrasa kuliko hotuba ya mahafali.

Nilipompelekea ustadhi mkataba atie sahihi, aliusoma wote polepole, kiganja chake kikiwa bado na kovu. Nilimwuliza kama Ruangwa amewajibu.

"Nimewaambia wasubiri msimu mmoja," alisema. "Nataka kuona mwezi wa tatu, korosho zikiwa zimekwisha, kama mtanikumbuka."

Mwezi wa tatu haujafika. Kufuli nililolinunua liko katika saraka ya meza yangu, juu ya daftari la posho, ili kila ninapolifungua nilione kwanza.