Léon alifungua mlango. Na sisi je?

Ndugu wachimbaji, bamama na batoto, siku ya pumziko wengi wetu tunaingia nyumba ya filme, hapa Butembo ao kule Beni. Tunakaa kwa mbao, tunaangalia watu wanapigana masasi. Kuko moja ya zamani ambayo ingali inatusema: Léon, ya Mfaransa Luc Besson, ya mwaka 1994.

Léon, anayechezwa na Jean Reno, ni muuaji wa kulipwa kule New York. Anaishi peke yake, anakunywa maziwa, anatunza mumea mumoja ndani ya chungu. Siku moja polisi wabaya wanaua jamaa ya jirani yake. Mutoto mwanamuke wa miaka 12, Mathilda, anarudi toka dukani, anaona mauaji, anapita mlango wa kwao kama mutu asiyewajua, anagonga kwa Léon. Huyu anachungulia kwa tundu. Hataki. Anakawia. Mwisho anafungua.

Kule kukawia tunakujua. Tangu Oktoba 2014 wauaji wanashambulia watu wa Beni, na batoto wanafika kwetu bila baba, bila mama. Mwenzetu mumoja wa shimo alipata hivi mutoto wa dada yake, kijana wa miaka 11, na mufuko mumoja wa nguo. Yeye alikuwa na batoto watano na deni kwa PDG wa shimo. Alituambia wazi: "Sikumuombaka." Lakini alimutandikia mukeka.

Ngumu ilikuja nyuma. Katika filme, Mathilda anaomba Léon amufundishe kazi yake, na Léon anakubali: anamufundisha bunduki. Kijana wetu naye aliomba: "Mujomba, unifundishe kushuka mu shimo." Alitaka kusaidia, si ubaya. Na PDG alikuwa tayari kumuchukua, maana mutoto anapita fasi mukubwa hapiti.

Mujomba alikataa, na sisi tulisimama naye mbele ya PDG. Sheria ya 10 Januari 2009 inamukinga mutoto chini ya miaka 18, na karte ya mchimbaji ni ya mukubwa peke yake. Masomo ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini daftari na iniforme haviko bure. Tulichanga, kila ekipe kidogo kidogo.

Mwisho wa filme Léon anakufa. Mathilda anarudi kumasomo, anapanda ule mumea katika udongo. Kijana wetu sasa iko mwaka wa sita. Jioni anamusomea mujomba karatasi ya deni. Mwezi uliopita alipata kosa ya hesabu ndani yake, na PDG alilazimika kusahihisha.

Ndugu, mutoto akigonga kwako, fungua. Akiomba kitiyo, mukatalie.